Siku 21 za karantini: umtegemee nani, na kwa lipi?

Mlipuko wa Marburg, ugonjwa wa virusi unaofanana na Ebola, uliotangazwa mkoani Kagera, Tanzania, tarehe 21 Machi 2023 ulikuwa na wagonjwa 9 tu hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 2 Juni. Sita kati yao walifariki, akiwemo mhudumu wa afya. Lakini waliotangamana nao, wale waliotakiwa kufuatiliwa siku 21 mfululizo, walizidi 200. Hesabu hiyo ndiyo iliyonisukuma kuandika. Tukizungumzia magonjwa ya mlipuko huwa tunamfikiria aliyelazwa, na ni haki yake. Ila nyuma ya kila mgonjwa kuna watu zaidi ya ishirini wasioumwa chochote, wanaopimwa joto kila siku huku shamba linaota majani na genge limefungwa, na kichwa kikigonga kidogo tu wanaona yameshawafika. Wanaishi roho mkononi.

Mtu wa namna hiyo anahitaji mambo mawili kwa mpigo: wa kumletea unga, sabuni na maji, na wa kumsikiliza. Ni nadra hao wawili kuwa mtu mmoja. Njia za msaada tunazo nyingi kuliko tunavyodhani, lakini kila mmoja hukimbilia ile aliyoizoea, anaibebesha mizigo yote, na ikilemewa anasema hakuna aliyemjali. Nimezipanga mbili mbili ili uone ipi inafaa kwa lipi. Vipimo vyangu ni viwili. Msaada huo utanifikia mlango ukiwa umefungwa? Na siku ya 15 bado utakuwepo? Siku tatu za mwanzo simu huwa haitulii; wiki ya pili ndiyo inayouma. Tena siku 21 zenyewe hazina uhakika. Wilaya za Mubende na Kassanda nchini Uganda zilifungiwa tarehe 15 Oktoba 2022 kwa sababu ya Ebola, ikasemwa ni siku 21, zikaongezwa, zikaongezwa tena, hadi katikati ya Desemba.

Simu ya bure na ndugu wa damu

Tanzania namba ya Wizara ya Afya ni 199, na haikati salio. Kenya, wizara ina 719, na Msalaba Mwekundu wana 1199 yenye washauri nasaha. Uganda ni 0800 100 066. Kwa watoto, 116 inafanya kazi katika nchi zote tatu. Piga leo ukiwa mzima, usikie inavyopokelewa na kwa lugha gani, kisha iandike ukutani jikoni, maana siku ya tabu simu huwa imezima chaji au imeshikwa na mtoto.

Ubora wa simu hizi ni kwamba anayepokea hamjui mama mkwe wako. Unaweza kumweleza kwamba uliosha maiti, kwamba ulikunywa kikombe kimoja na marehemu, kwamba umeanza kuharisha, na hakuna mtaa mzima utakaojua kabla jua halijazama. Kwa swali la dalili, la nani apimwe, la uvumi uliosambaa asubuhi kwamba chanjo zinaua au ndizi zimewekwa sumu, sijui njia iliyo bora kuliko hii. Udhaifu wake ni kwamba haina mikono. Haiwezi kuteka maji. Anayekusikiliza leo huenda kesho siye, ukaanza hadithi upya. Na bibi kijijini anayewaza na kulia kwa Kihaya hatafunguka kwa Kiswahili cha kwenye simu.

Ndugu yuko kinyume chake kwa kila kitu. Shangazi anajua unavyonyamaza ukiwa umekasirika na unavyonyamaza ukiwa umeogopa. Atakupigia kila siku hata kama huna la kusema. Lakini naye anaogopa, na mwenye hofu hutoa dawa: jifukize, kunywa hiki, usiwaambie hao wa hospitali kwamba ulimgusa. Mwaka 2020 na 2021, wakati wa UVIKO-19, nyumba nyingi zilipata ushauri wa aina hiyo kwa upendo mtupu, na wapo waliochelewa kupelekwa kwenye oksijeni kwa ajili yake.

Kwa hiyo mimi nagawanya hivi: habari za ugonjwa zitoke kwenye namba ya bure, machozi yaende kwa ndugu. Chagueni ndugu mmoja awe msemaji wa familia. Yeye ndiye ampigie nesi, yeye ndiye ajibu jamaa wa Mwanza, Dar na Muscat, ili aliyetengwa asisimulie msiba wake mara 20 kwa siku. Msemaji huyo hahitaji kusomea saikolojia. Shirika la Afya Duniani na wenzake walitoa mwaka 2011 mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia kwa watu wa kawaida, na kiini chake ni hatua tatu: angalia, sikiliza, unganisha. Angalia kama mtu yuko salama na amekula. Sikiliza bila kumkatiza. Muunganishe na anayeweza kumsaidia kwa lile ambalo wewe huliwezi. Yapo ya kuepuka pia, na tunayasema kila siku: jikaze, usilie, wenzako wamekufa kabisa, kila jambo lina sababu. Maneno haya humfunga mtu mdomo. Afadhali useme, "Niko hapa, nambie," kisha unyamaze kweli.

Kikoba na jumuiya

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo walipo watu wengi.

Kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopeshana, kina kitu ambacho njia nyingine hazina: ndani yake wewe huombi, unadai. Umenunua hisa, umechangia mfuko wa jamii kila wiki, katiba inasema mwanachama akiugua anapewa kiasi fulani na akifiwa kiasi fulani. Hakuna wa kukuuliza kama unastahili huruma. Kwa mtu ambaye hadhi yake imeshachubuliwa na gari la wagonjwa lililosimama mbele ya nyumba kila mtu akiangalia, kupokea haki yake badala ya sadaka ni jambo kubwa.

Udhaifu wa kikoba unajificha kwenye sanduku. Vikundi vingi vinatunza sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu ili mmoja asifungue peke yake. Ni utaratibu mzuri siku za kawaida. Sasa mmoja wa wenye funguo akiingia kwenye orodha ya waliotangamana na mgonjwa, au mikusanyiko ikizuiwa, fedha zipo na hazitoki. Ongezeni kipengele kimoja kwenye katiba kabla ya tatizo: nani anakaimu ufunguo, na ni kiasi gani cha mfuko wa jamii kinaweza kutolewa bila kikao, kwa makubaliano ya viongozi kwa simu.

Kuna msaada mwingine wa kikoba ambao wengi hawauombi: kusimamishiwa marejesho. Mama lishe aliyekopa na akafungiwa wiki tatu anapoteza mtaji na deni linabaki vilevile. Kumwambia "marejesho yako yataanza tena mwezi ujao, bila faini" kunamsaidia kuliko pole ya elfu thelathini. Asipopewa nafasi hiyo ndipo anapokimbilia mikopo ya riba kubwa, ile ya kausha damu, na ugonjwa unaweza kuisha naye bado anafuatwa nyumbani kwa deni. Jambo hili linaniuma, kwa sababu linazuilika kwa kikao kimoja.

Jumuiya, iwe jumuiya ndogo ndogo ya kanisa au waumini wa msikiti wa mtaani, haina katiba ya kiasi. Inatoa kulingana na inachokiona. Hilo ni nguvu: familia yenye watoto saba haipewi sawa na mtu anayeishi peke yake. Na jumuiya inadumu. Kikoba kikishatoa kimemaliza. Jumuiya inarudi Jumamosi, na Jumamosi nyingine. Mtu akiweka ndoo ya maji na mkungu wa ndizi getini, akarudi nyuma hatua kadhaa, akasimama pale barabarani akaita jina lako na kusali kwa sauti mpaka ukaitikia kutoka dirishani, amekupa chakula na amekuondolea upweke kwa mara moja, wala hakuvunja sharti lolote la karantini.

Lakini siri hapo haipo, na nasema hivi nikijua ninachokisema kuhusu watu wema. Ombi la "tumwombee ndugu yetu, amepimwa" limeshatangaza ugonjwa kwa kaya arobaini. Pia wapo viongozi wanaokataza dawa au kuahidi uponyaji kwa malipo. Ukiona kiongozi wako anasema maombi na hospitali, shikamana naye. Akisema maombi badala ya hospitali, tafuta mwingine, na usione haya.

Nikilazimika kuchagua: fedha na deni, kikoba; chakula cha wiki ya pili na ya tatu, jumuiya; jambo la siri, si huku wala kule.

Pesa ya simu au vitu mkononi

Aliye mjini hutuma pesa, na akiwa muungwana hutuma na ya kutolea. Anasahau kwamba aliyetengwa hawezi kwenda kwa wakala. Salio linakaa kwenye simu, na ndani hakuna chumvi. Mlipe mwenye duka moja kwa moja kwa lipa namba, umwombe apeleke mzigo getini. Umeme mnunulie, kisha mtumie tokeni kwa ujumbe. Bando mtumie wewe, kwa sababu bila bando hana wa kuongea naye usiku. Pesa taslimu ina faida kwa aliyeko nje ya uzio tu, kwa mfano jirani anayekamua ng'ombe wake au kijana anayemlimia.

Makundi ya WhatsApp ya familia yanafaa kwa kazi hii ya kugawana zamu: nani analeta maji Jumatatu, nani analipa duka Alhamisi. Kwa habari za ugonjwa hayafai, kwa sababu sauti iliyorekodiwa na mtu asiyejulikana hukimbia kuliko taarifa ya mganga mkuu wa mkoa.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii na afisa ustawi wa jamii

Wote wawili wako kwenye mfumo, wote hawakutozi, na watu wengi huwachanganya. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii ni jirani yako aliyepewa mafunzo. Ndiye mara nyingi anayepita kuuliza hali na joto, kwa hiyo ndiye pekee anayeruhusiwa kufika kila siku. Mtumie vizuri. Akishaandika joto, mwambie pia kwamba watoto hawalali, kwamba dawa za presha za baba zinaisha keshokutwa. Hayo asipoambiwa hawezi kuyajua, na karatasi yake haina mahali pa kuyauliza. Kenya nao walisambaza wahudumu wa jamii wapatao 100,000 mwaka 2023, na Uganda wapo wa timu za afya za vijiji. Ubaya ni kwamba anaishi hapo hapo, na baadhi ya watu hawamwamini kwa siri, au wanamwona ndiye aliyewaandikisha.

Afisa ustawi wa jamii yuko mbali kidogo, halmashauri au hospitali ya wilaya, na ana kaya nyingi mno. Ila ana kalamu. Anashughulikia msamaha wa matibabu kwa asiye na uwezo, anatafuta mlezi wa muda wa watoto wazazi wakilazwa wote, anaandika barua ambayo mwajiri hawezi kuipuuza. Na ndiye wa kuulizwa mapema nani analipia karantini, maana mwaka 2020 Nairobi waliowekwa kwenye hoteli na mabweni walitakiwa kujilipia, na wengi walilijua hilo wakiwa tayari ndani.

Anaweza pia kukupeleka kwa mtaalamu wa afya ya akili. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka wa kwanza wa UVIKO-19 wasiwasi na sonona viliongezeka kwa asilimia 25 duniani, kwa hiyo usidhani wewe ni dhaifu. Ukikosa usingizi na hamu ya kula kwa wiki mbili, pombe ikaanza kuwa ndiyo dawa, ndugu na jumuiya hawatoshi tena. Na ikija fikra ya kujidhuru, usisubiri hata siku moja: mwambie aliye karibu asikuache peke yako, na mwende kituo cha afya kilicho jirani.

Mgonjwa akiwa ndani: kuambiwa au kumwona

Familia ikiambiwa tu kwa simu "anaendelea vizuri" halafu siku ya tatu ikaambiwa amefariki, haiamini tena neno lolote, na jirani akiugua watamficha. Wakongo wa Beni na Butembo walilipitia hili kwa uchungu katika mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020, ulioambukiza watu 3,470 na kuua 2,287 kati yao. Huko Beni shirika la tiba la ALIMA lilitumia vyumba vya plastiki angavu vyenye mikono ya glavu iliyoshonwa ukutani. Nesi alihudumia kutoka nje, na mama aliweza kusimama upande wa pili, akamwona mwanawe anakunywa uji, wakasalimiana. Na kwa watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wodini, ziliwekwa sehemu za malezi karibu na vituo vya matibabu kwa msaada wa UNICEF. Waliowabeba, kuwalisha na kuwabembeleza walikuwa watu walionusurika Ebola, ambao miili yao ilishajenga kinga.

Si kila kituo kina chumba kama hicho. Kinachowezekana popote ni kuomba saa maalumu ya simu ya video kila siku, na jina la mtu mmoja wa kuulizwa. Kati ya muuguzi mwenye huruma asiye na muda na aliyenusurika mwenye muda wote, kwa mazungumzo mimi ningemtafuta aliyenusurika. Akisema "nililala kitanda kile na leo nimetoka", hakuna mtaalamu anayeweza kulisema hilo.

Kipindupindu kina mahitaji mengine kabisa. Kinaua kwa saa, si kwa wiki, na anayetibiwa mapema hupona upesi. Hapo usianze na mshauri nasaha wala kikoba. Unahitaji maji ya chumvi na sukari ya kunywa (ORS), mwenye bodaboda au gari anayekubali kukubeba usiku wa manane, na jirani wa kuchemsha maji ya waliobaki. Patana na huyo wa usafiri mapema, na mpe ndoo na dawa ya kusafishia kiti chake ili asije akakataa. Mpox nayo huonekana kwenye ngozi, hivyo siri haipo tangu mwanzo, na msaada wa kwanza ni mtu wa kukusemea kwa wapangaji wenzako kabla mwenye nyumba hajakutolea vitu nje.

Msiba

Ndipo tunapoumia zaidi, kwa sababu sisi tunazika kwa mikono. Kati ya timu ya maziko salama na familia kuzika yenyewe, kwa Ebola na Marburg hakuna chaguo: mwili wa marehemu unaambukiza sana, na timu ndiyo izike. Kinachochagulika ni namna. Mwongozo wa maziko salama na ya heshima uliotolewa mwaka 2014 unatoa nafasi ya sheikh au padri kuwepo, familia kusali kwa umbali, kuchagua sehemu ya kaburi, na kwa Waislamu marehemu kufanyiwa tayamamu badala ya kuoshwa. Yadai hayo kwa adabu. Tumeni mzee mmoja wa ukoo azungumze na kiongozi wa timu kabla gari halijaondoka hospitali. Aeleze marehemu alitaka kuzikwa upande gani wa migomba, na nguo gani iwekwe naye. Matanga yanaweza kusogezwa mbele. Yafanyeni baadaye, mkiwa huru kukumbatiana, wala msikubali yapotee kwa sababu tu muda umepita.

Ukisharuhusiwa

Waliopona hurudi na cheti, na mtaa hurudi nyuma hatua mbili. Wengi hujificha mpaka watu wazoee. Kuna njia ya haraka zaidi: mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji asome cheti hicho mbele ya watu, na akupe mkono hapo hapo. Mganga hawezi kukufanyia hili. Atakayewashawishi majirani ni mtu wanayemjua, aliye tayari kukugusa wakimwona. Wauzaji na mama lishe wanalihitaji kuliko wote, kwa sababu riziki yao iko kwenye mikono ambayo watu wanaiogopa.

Jambo moja libaki kwa mtaalamu peke yake. Virusi vya Ebola na Marburg vinaweza kuendelea kuwemo kwenye shahawa kwa miezi mingi baada ya mwanaume kupona, na ushauri ni kutumia kondomu au kujizuia hadi vipimo viwili vya shahawa vioneshe havipo, au miezi 12 ipite tangu dalili zilipoanza. Ndoa nyingi hutikisika hapo: mke anadhani amekataliwa, mume anaona aibu kueleza. Shangazi hawezi kulibeba hili, kikoba hakihusiki, na jumuiya italitangaza. Kabla hujatoka getini, mwombe nesi anayekuruhusu akupe jina la mshauri na tarehe ya kurudi kupima, na siku hiyo njoo na mwenzi wako asikie mwenyewe.